Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1883, jamaa mmoja wa Chicago aliyeitwa Ned Williamson alipiga homurani 2 msimu mzima. Mwaka 1884 akapiga 27. Mwaka 1885 akapiga 3.

Ukiziona namba hizo bila maelezo utadhani jamaa alikunywa dawa, au kuna karani aliyelala kazini. Wala. Mkono ulikuwa uleule na gongo ni lilelile. Kilichobadilika ni sheria moja ya uwanja wa nyumbani.

Timu yake, Chicago White Stockings, ilikuwa ikicheza Lakefront Park, kiwanja kilichobanwa karibu na Ziwa Michigan. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa futi 180 tu kutoka alipo mpigaji, yaani kama mita 55. Wa kulia haukufika futi 200. Kwa besiboli ya watu wazima, hiyo ni kama kucheza uani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1883 walikubaliana kwamba mpira ukivuka ukuta huo, mpigaji anapewa besi mbili tu, si zote nne. Williamson akamaliza msimu na mapigo 49 ya besi mbili, rekodi ya wakati huo. Mwaka uliofuata timu ikaamua kwamba mpira ukivuka, basi ni homurani kamili. Katika zile 27 zake, 25 alizipiga nyumbani. Msimu ukaisha, timu ikahama uwanja, na Williamson akarudi kuwa binadamu wa kawaida.

Rekodi yake ilikaa vitabuni miaka 35, mpaka Babe Ruth alipopiga 29 mwaka 1919.

Sasa hebu tuulizane. Je, rekodi ya Williamson ilikuwa uongo? Mipira aliipiga kweli. Sheria iliruhusu. Wageni waliokuja Chicago walikuta ukuta uleule, na hakuna aliyewazuia kuuvusha mpira. Lakini ndani ya roho unajua kuna kitu hakijakaa sawa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hakuna anayebisha. Ila hawakutuambia anatunzwa kwa kiasi gani. Wamarekani walichukua karibu miaka 100 kulijibu swali hilo, na jibu lenyewe linatuhusu kuliko unavyodhani.

Mchezo usio na kipimo kimoja

Kama hujawahi kutazama besiboli, hizi ndizo habari unazohitaji. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaukabili kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka besi nne, na akirudi alipoanzia timu yake inapata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka ukuta wa mbali ukiwa hewani, hiyo ni homurani: anazunguka taratibu, watu wanapiga makofi. Wastani wa kupiga ni idadi ya mapigo yaliyofaulu ukigawanya kwa nafasi alizopata. Mwenye 0.300 ni mtu wa kuheshimiwa, na mwenye 0.400 ni hadithi.

Ndani, vipimo ni vya kanisani. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90. Kutoka kwa mrushaji hadi mahali anaposimamia mpigaji ni futi 60 na inchi 6. Huwezi kubadilisha hata inchi. Lakini huko nje, ukuta ulipo, kila mji ulifanya mambo yake. Viwanja vya zamani vilijengwa katikati ya mitaa, pale ambapo mwenye timu alipata ploti, na ploti haijui hesabu za mchezo. Barabara ikipita hapa, ukuta unasimama hapa. Reli ikipita pale, basi pale.

Ndiyo maana Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, ina ukuta wa kushoto ulio karibu kabisa, futi 310, na ili kufidia ukaribu huo ukapandishwa mpaka futi 37. Ni ghorofa tatu hivi za kijani kibichi zinazomtazama mrushaji kwa dharau. Polo Grounds ya New York ilikuwa na umbo la bafu la kuogea: pembeni kulia futi 258 tu, lakini katikati zaidi ya futi 480. Mpira uleule, ukipigwa kwa nguvu ileile, ukienda kulia ni sherehe, ukienda katikati ni kazi bure.

Hebu fikiria kama goli la Nyayo lingekuwa na upana wa mita 7 na la Kasarani mita 12, halafu mwisho wa msimu tunampa kiatu cha dhahabu aliyefunga mengi bila kuuliza alifungia wapi. Besiboli iliishi hivyo kwa miongo mingi, na watu waliona sawa tu.

Mtu na ukuta wake

Mfano mtamu kuliko yote ni wa Philadelphia. Timu ya Phillies ilikuwa na uwanja uliojulikana kama Baker Bowl. Upande wa kulia ukuta ulikuwa futi 280 tu, ukiwa na mabati na wavu uliopanda mpaka futi 60. Mwaka 1928 akaja kijana anayepigia mkono wa kushoto, Chuck Klein, na mtu wa mkono wa kushoto kwa kawaida huupeleka mpira kulia. Yaani ilikuwa kama ndoa iliyopangwa na wazee wenye busara.

Mwaka 1930 Klein alipiga wastani wa 0.386, homurani 40, na kuleta nyumbani mikimbio 170. Timu nzima ilipiga wastani wa 0.315. Soma tena: timu nzima, 0.315. Kwa namba hizo utadhani walibeba ubingwa. Walimaliza wa mwisho, mechi 52 walishinda na 102 wakapoteza, kwa sababu warushaji wao waliruhusu mikimbio 1,199. Ukuta ule haukuwa na upendeleo. Uliwapa wenyeji na ukawapa wageni, na warushaji wa Phillies ndio waliolipa bili.

Mwaka 1933 Klein aliongoza ligi kwa vitu vitatu kwa mpigo: wastani, homurani na mikimbio aliyoleta. Ni heshima ambayo wapigaji wachache sana wamewahi kuipata. Lakini ukiugawanya msimu wake mara mbili, unakutana na watu wawili tofauti. Nyumbani alipiga 0.467. Ugenini, 0.280. Mmoja ni mfalme, mwingine ni mfanyakazi mzuri.

Baada ya msimu huo Phillies wakamuuza kwa Chicago Cubs. Mwaka 1934, bila ukuta wake, akapiga 0.301 na homurani 20. Watu wakasema amekwisha. Hakuwa amekwisha. Alikuwa amehama nyumba. Na ukweli usemwe wote: mwaka 1936, akiwa amerudi Philadelphia, Klein alipiga homurani 4 katika mechi moja, na hakuzipigia kwake. Alizipigia Pittsburgh, katika Forbes Field, uwanja mpana uliojulikana kwa kumeza mipira. Kwa hivyo anayesema Klein alikuwa ukuta tu naye anakosea. Klein alikuwa mtu na ukuta. Kazi ni kuwatenganisha.

Upande wa pili wa sarafu yuko Joe DiMaggio. Yeye alipigia mkono wa kulia, na Yankee Stadium ilijengwa kwa kumpendelea mtu wa kushoto kama Ruth: kulia karibu, kushoto-katikati mbali mpaka futi 457. Katika maisha yake DiMaggio alipiga homurani 361. Nyumbani 148, ugenini 213. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwibia. Mcheza kwao hutunzwa? Muulize DiMaggio.

Soja wa usiku na mhandisi

Waandishi wa magazeti walilijua jambo hili kitambo. Wachezaji pia walijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, kupima ni kingine. Mtu aliyejua bila kupima alikuwa na njia mbili tu: ama anazikubali namba zote kama zilivyo, ama anazitupa zote. "Huyo anapigia uwanja mdogo," anasema, halafu mjadala umeisha. Ni ule mtindo wetu wa kumaliza mtu kwa sentensi moja.

Mwaka 1977, kule Lawrence, Kansas, kulikuwa na soja wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya mkebe. Jina lake Bill James. Usiku ni mrefu, mitambo inanguruma, hakuna mwizi anayetaka maharagwe. James akawa anakaa na matokeo ya mechi yaliyokatwa magazetini, anayapanga upya: huyu nyumbani kafanya nini, ugenini kafanya nini. Akatoa kijitabu mwenyewe, Baseball Abstract, akatangaza, akauza nakala 75 hivi. Leo tungesema hakuna soko. Mwaka uliofuata akaandika tena, na tena. Kufikia 1982 shirika kubwa la uchapishaji lilikuwa linamchapisha na nchi nzima inamsoma.

Upande mwingine alikuwepo Pete Palmer, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mitambo ya kijeshi huku akipiga hesabu za besiboli kwa mapenzi. Mwaka 1984, yeye na mwanahistoria John Thorn wakatoa kitabu The Hidden Game of Baseball. Humo wakaweka hesabu ya uwanja mezani, hatua kwa hatua, ili kila mtu aione na kubishana nayo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo niamini nikikuambia hesabu hii haihitaji digrii. Inahitaji akili moja tu ya ujanja.

Chukua timu moja. Jumlisha mikimbio yote iliyopatikana katika mechi zake za nyumbani, ya kwake na ya wageni pamoja. Gawanya kwa idadi ya mechi. Kisha fanya vilevile kwa mechi zake za ugenini. Halafu gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Tuseme katika mechi 81 za nyumbani ilipatikana jumla ya mikimbio 900, na katika mechi 81 za ugenini mikimbio 750. Ukigawanya 900 kwa 750 unapata 1.20. Maana yake uwanja huo unaongeza asilimia 20 ya mikimbio.

Kwa nini tunajumlisha timu zote mbili? Hapo ndipo ujanja ulipo. Kama timu ina wapigaji hatari, itakuwa hatari nyumbani na ugenini, kwa hivyo ubora wake unajifuta ukigawanya. Kama warushaji wake ni wabovu, ubovu huo nao umebebwa kwenye basi mpaka ugenini. Hata ile raha ya kucheza mbele ya watu wako, kelele na kitanda chako mwenyewe, kwa kiasi kikubwa inajifuta: inawapandisha wenyeji lakini inawashusha wageni, na sisi tumewajumlisha wote. Kinachobaki mwishoni ni ukuta, nyasi, upepo na hewa. Uwanja wenyewe.

Lakini mchezaji hachezi nyumbani siku zote. Nusu ya mechi zake ziko kwingine. Kwa hivyo ile 1.20 tunaikata: nusu ya msimu yuko kwenye 1.20, nusu yuko kwenye 1.00, wastani ni 1.10. Kama hesabu inasema ameizalishia timu mikimbio 110, tunagawanya kwa 1.10 tunapata 100. Hujamnyang'anya kitu. Umembadilishia pesa ziwe za sarafu moja na za wenzake.

Palmer hakuishia hapo. Timu ya nyumbani ikiwa inaongoza mwishoni haipigi zamu ya mwisho, hivyo zamu za nyumbani hupungua, na yeye akalirekebisha hilo. Tena msimu mmoja unaweza kudanganya, upepo ukiwa na kichaa chake, kwa hivyo wataalamu hupenda kutumia wastani wa miaka kadhaa. Leo ukifungua takwimu za besiboli utakuta namba ambazo 100 ndiyo mchezaji wa kawaida wa ligi, uwanja ukiwa umeshaondolewa. Mwenye 141 ni bora kwa asilimia 41. Ikumbuke 141.

Mji wa juu

Hesabu hiyo ilikuwa imetulia vizuri mpaka besiboli ilipopanda mlima. Mwaka 1993 timu ya Colorado Rockies ilianza kucheza Denver, mji ulio mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1995 ikahamia Coors Field, ambako mstari mmoja wa viti vya juu umepakwa rangi ya zambarau kuonyesha kwamba hapo ndipo maili moja kamili ilipo.

Huko juu hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na pwani. Mpira uliopigwa hauna kizuizi, unaenda mbali zaidi. Na mpira unaorushwa kwa kupindwa haupindi inavyotakiwa, kwa sababu kupinda kunatokana na hewa kuushika. Mrushaji anatupa nyoka, nyoka anafika amekuwa fimbo. Wajenzi walilijua hilo na wakazisukuma kuta mbali. Wakasahau kwamba kuta zikienda mbali eneo la wazi linakua, na mipira mingine yote inapata mahali pa kuangukia. Walifunga dirisha, wakaacha mlango.

Mwaka 1996 Rockies walipata mikimbio 961. Nyumbani 658, ugenini 303. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 katika uwanja huo mmoja. Dawa iliyokuja mwaka 2002 ilikuwa ya kushangaza kwa urahisi wake: hewa ya Denver ni kavu na ilikuwa ikiikausha mipira, basi wakajenga chumba chenye unyevu na kuihifadhi humo kabla ya mechi. Homurani zikapungua. Kuanzia 2022 kila uwanja wa ligi kuu una chumba hicho.

Sasa chukua wachezaji wawili wa timu hiyo. Dante Bichette, 1995: homurani 40, akashika nafasi ya pili katika kura ya mchezaji bora wa ligi yake. Nyumbani 31, ugenini 9. Larry Walker, 1997: homurani 49, akawa mchezaji bora. Nyumbani 20, ugenini 29.

Ukiwatazama kwa jumla tu, wote ni wana wa Denver. Mwenye kuamini kila kitu anawasifu sawa, mwenye kukataa kila kitu anawakataa sawa. Walker aliumizwa na hao wa pili. Alipostaafu na jina lake likafika kwa wapiga kura wa Jumba la Heshima la Cooperstown, watu wakasema ni Coors tu. Mwaka 2014 alipata asilimia 10.2 ya kura, wakati inahitajika 75. Watetezi wake hawakusema uwanja haukumsaidia. Ulimsaidia sana, katika Coors Field alipiga 0.381. Walichosema ni: sawa, ondoa uwanja, halafu tuone kilichobaki. Kilichobaki ni ile 141. Mwaka 2020, nafasi yake ya kumi na ya mwisho, Walker aliingia kwa asilimia 76.6, kura sita juu ya mstari.

Hapa ndipo nilipoipenda hesabu hii. Watu wengi wanadhani kazi ya kurekebisha ni kuwashusha waliopendelewa. Ni kweli, inawashusha. Lakini pia ndiyo wakili pekee wa mtu aliyekuwa bora kweli huku amesimama mahali penye upendeleo. Bila kipimo, Walker angebaki na tuhuma ya milele, na Bichette na sifa ya milele.

Kisa chetu na Boston

Kwa taarifa yako, Nairobi iko juu kuliko Denver. Mpira wa besiboli ukipigwa Uhuru Park ungeruka zaidi ya ule wa Coors Field. Na sisi tunaijua hewa hii kwa njia nyingine. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu. Naftali Temu akatuletea dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27, wakati rekodi ya dunia ya Ron Clarke ilikuwa dakika 27 na sekunde 39. Ukiangalia saa tu, utasema bingwa huyo alikuwa mzito. Siku chache baadaye kwenye mji uleule Bob Beamon akaruka mita 8.90, rekodi iliyodumu mpaka 1991. Hewa ilimwibia mkimbiaji wa mbio ndefu na kumpa mrukaji. Mahali ni pamoja, bili ni tofauti.

Halafu kuna Geoffrey Mutai. Tarehe 18 Aprili 2011, kwenye Boston Marathon, alikimbia saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo; rekodi ilikuwa ya Haile Gebrselassie, 2:03:59. Lakini Boston inaanzia kijijini na kuishia mjini, kwa njia iliyonyooka, ikishuka kama mita 140, na siku ile upepo ulikuwa mgongoni. Sheria ya riadha inasema mwanzo na mwisho wa mbio visiachane zaidi ya nusu ya umbali wote, na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita. Kwa hivyo si rekodi. Basi.

Ona tofauti. Riadha ilimjibu Mutai kwa ndiyo au hapana. Besiboli ingemuuliza: kwa kiasi gani? Upepo ulimpa sekunde ngapi, mteremko ngapi, na vile vilima vya Boston vilimnyang'anya ngapi? Novemba mwaka huohuo Mutai alienda New York, njia ngumu yenye madaraja na miinuko, akashinda kwa zaidi kidogo ya saa 2 na dakika 5, akaivunja rekodi ya njia ile kwa zaidi ya dakika mbili. Hizo ndizo homurani zake 4 za Pittsburgh. Lakini kwenye kitabu, 2:03:02 imebaki na alama ya pembeni, kama mtoto aliyeketi kwenye kiti cha wageni.

Kipimo kinahitaji wanaovuka

Hata hivyo nisikuuzie dawa ya kila ugonjwa. Kipimo cha uwanja ni wastani, na wastani haumjui mtu. Ukuta wa Baker Bowl ulimpa Klein wa mkono wa kushoto, haukumpa kila mtu kiasi kilekile. Ukitumia namba moja kwa wote, kuna utakayemwonea.

Lakini kikomo kikubwa ni kingine, nacho kimejificha ndani ya ule ujanja wenyewe. Hesabu inafanya kazi kwa sababu timu zinasafiri. Kila mtu anacheza nusu kwake na nusu kwa wengine, ndiyo maana tunaweza kutenganisha mtu na mahali. Sisi hapa hubishana kila mwaka kama B ya shule isiyo na maabara ni sawa na A ya shule yenye kila kitu, na hatumalizi. Hatumalizi kwa sababu hakuna mwanafunzi anayefanya nusu ya KCSE Mandera na nusu Nairobi. Hakuna anayevuka, kwa hivyo hakuna cha kugawanya.

Na besiboli, mchezo ulioijua hesabu hii kuliko wote, ilikuwa na ukuta wake ambao hakuna aliyevuka. Mwaka 1884, mwaka uleule Williamson alipokuwa akiivusha mipira futi 180, mtu mweusi aliyeitwa Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji wa Toledo, katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Mwaka mmoja kabla, nahodha wa Chicago, Cap Anson, bosi wa Williamson, alikuja Toledo akatishia kutocheza kama Walker angekuwa uwanjani. Siku ile mechi ilichezwa na Walker akacheza. Baada ya msimu wa 1884 mlango ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Jackie Robinson alipoingia tarehe 15 Aprili 1947.

Katikati ya miaka hiyo alicheza Josh Gibson. Sehemu kubwa ya mechi zake za nyumbani akiwa na Homestead Grays aliichezea Griffith Stadium ya Washington, ambako ukuta wa kushoto, upande wa mtu wa mkono wa kulia kama yeye, ulikuwa zaidi ya futi 400. Uwanja wa nyumbani ulikuwa dhidi yake kama wa DiMaggio, na nchi ilikuwa dhidi yake zaidi. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson.

Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi katika vitabu vyake. Wastani wa Gibson, 0.372, ukawa wa kwanza katika historia yote, ukampita Ty Cobb aliyekuwa ameketi hapo tangu zamani. Wapo waliolalamika: misimu ilikuwa mifupi, viwanja vilikuwa tofauti, wapinzani hawakuwa walewale. Yote ni kweli, na sehemu ya hayo inaweza kurekebishwa. Tunajua ukuta wa Griffith Stadium ulikuwa wapi. Tunaweza kumrudishia Gibson futi zake.

Lakini swali la jinsi angefanya mbele ya warushaji wa ligi nyingine, na jinsi Cobb angefanya mbele ya warushaji wa Gibson, halina hesabu. Anayelalamika kwamba namba za Gibson hazilinganishiki anasema kweli, ila anaelekeza lawama kusiko. Waliozifanya zisilinganishike ni wale waliokaa langoni miaka 60 na zaidi wakihakikisha hakuna anayevuka. Na hao hawakumwibia Gibson peke yake. Na Cobb pia, hatutajua kamwe alikuwa mzuri kiasi gani.